Handaki la Mita Nne

Aliyesimulia kwanza ni mama mkubwa Ibemhal, jikoni kwake Imphal, asubuhi ya tarehe 12 Februari 1996. Mimi, mtoto wa shemeji yake, niliandika siku hiyohiyo. Niliyoyaona mwenyewe nimeyaweka mwisho.

Mumewe, baba mkubwa Gojendro, aliuza pampu za maji kwa miaka thelathini. Pampu zilimlisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye vita vya 1944, Wajapani walipofika vilimani kwetu. Kila siku ya mapumziko alipanda vilima, akapima mahandaki, akahoji wazee. Alikuwa na sharti moja: "Mashahidi wawili, la sivyo siandiki."

Jioni ya tarehe 11 yeye na mkewe walikuwa wanatoka kumfungia mteja pampu. Akasimamisha gari chini ya kilima.

"Dakika kumi tu, mama Memcha."

"Dakika zako nazijua. Mwaka jana kumi zako zilinilaza na njaa."

Handaki lilikuwa la Wajapani, shimo lililochimbwa kuingia kilimani, urefu wa mita nne tu. Alishalipima mara mbili, akataka ya tatu. Mama mkubwa akabaki juu na kasha la tepu ya chuma ya kupimia. Mumewe akashuka na ncha ya tepu. Giza lilikuwa linaanza kuingia.

Krrrr...

Tepu ikavutwa. Mita mbili. Tatu. Nne.

Tano.

"Baba watoto, umefika wapi?"

Ikapanda harufu ya udongo uliolowa, na mvua haikuwa imenyesha tangu Novemba. Kisha harufu ya wali unaoungua.

Sita... saba... tisa.

Akageuka kutafuta msaada. Mumewe alikuwa amesimama kando yake, mikono mitupu.

Tepu bado ilikuwa inavutwa.

Akaliachia kasha. Likaburuzwa hadi ndani.

Kwetu, mtu akishtushwa mahali, roho yake hubaki pale. Kabla ya kuondoka lazima aitwe kwa jina lake, aambiwe twende nyumbani. Mama yake angemwita, lakini alishakufa. Na mke hatamki jina la mumewe. Mama mkubwa hakuwahi kulitamka kwa miaka ishirini na sita, na hata pale, kwa hofu ile, ulimi ulikataa. Akaita hivi:

"Baba watoto, twende nyumbani."

"Nakuja."

Sauti ilitoka handakini. Mumewe alikuwa kando yake, midomo imefumbwa.

Sasa niliyoyaona, baada ya wao kurudi nyumbani.

Samaki wa kuvundikwa hadi anuke, kitoweo cha kwetu, ambaye baba mkubwa alikuwa akimgombania hadi mkia, sasa alimsukuma kando na kuuliza ni mzoga gani huo. Habari za askari wa handaki lile aliziandika kwa siku tatu bila kumhoji mtu: nani alilia, nani alipika, wali uliunguaje. Miaka miwili baadaye mgeni kutoka Japani alileta barua za babu yake aliyefia pale. Hazikupishana na maandishi yale hata mahali pamoja.

"Baba mkubwa, mashahidi wako ni akina nani?"

"Mmoja anatosha," akasema. Hakunitazama.

Nikamshauri mama mkubwa turudi kilimani, amwite mumewe kwa jina.

"Na akija?" akaninong'oneza. "Huyu aliyemo ndani yake nitamweka wapi?"

Jina hilo alilitamka mara moja tu, Machi 2011, akiwa mgonjwa kitandani, jua linazama.

"Gojendro."

Mwanamume aliyekuwa akimlisha uji hakugeuka. Hakuinua hata jicho.

Nje, langoni, nikasikia tepu ya chuma ikijikunja.

Krrrr...

Nilitoka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya udongo uliolowa, na barabara ilikuwa kavu.

Mama mkubwa alifariki kesho yake. Memcha, binti yao, yu hai, anaishi Guwahati. Mimi ni mzima. Kuhusu baba mkubwa nina shahidi mmoja tu, naye ni mimi, kwa hiyo naandika lile ninaloweza kulithibitisha: yupo mwanamume anayeishi katika nyumba yake.