Mwezi wa Paa la Malam Lawwali

Hebu niambie wewe: mtu akija kwako na kusema mwezi wa jioni ameshaupata kwenye hesabu tangu asubuhi, utamwoza binti yako?

Malam Lawwali alikataa, akamfukuza mposaji. Pale Katsina, kaskazini mwa Nigeria, yeye ndiye mtazama mwezi mkuu. Neno lake likifika kwa Emir, mtawala wa jadi, ndipo serikali ya jimbo inatangaza sikukuu.

"Huyo Nura wako wa chuo kikuu anataka kumpangia Mungu ratiba," alimwambia bintiye, Rakiya.

"Anasomesha elimu ya nyota tu, Baba."

"Basi akaoe nyota!"

Rakiya akaangalia chini, na tangu mavuno yale hakumtaja tena Nura.

Jioni ya Ramadhani ishirini na tisa simu ya Rakiya ikatetemeka: "Naomba nije paani kwenu. Sitabishana na Baba. Nura."

Akaja kweli, kanzu imepigwa wanga, viatu mkononi. Akachuchumaa kumwamkia mzee. Jua lilikuwa limeshazama, vumbi limetanda magharibi yote. Mzee alikuwa na tende shavuni. Rakiya ameshika kibuyu cha uji wa mtama.

"Haya, bwana hesabu, mwezi wako uko wapi?"

"Kulia kwa mnara, Baba. Vidole vitatu juu ya ukuta wa mji."

"Ulishawahi kuuona ukiwa mchanga hivyo?"

Nura akainamisha kichwa. "Sijawahi, Baba. Mimi huuona kwenye karatasi tu."

"Subhanallah! Mpishi hajawahi kuonja mchuzi wake!"

Rakiya akajiuma midomo asicheke. Mara simu ya Nura ikalia. Ilikuwa ofisi ya gavana, waliokuwa wamemwomba hesabu yake, na sauti ilisikika paa zima.

"Dokta, tangazo liko tayari. Tuseme umeonekana?"

"Bado."

"Si hesabu yako inasema upo?"

"Upo. Lakini mmewaahidi watu mtatangaza ukionekana, na sisi hapa hatujauona. Subirini."

"Mkubwa anangoja!"

"Na sisi tunangoja, Alhaji." Akakata.

Malam Lawwali akaacha kutafuna. Akamtazama kijana yule kama ndiyo kwanza anafika.

Ndipo vumbi likaachana kidogo, na Rakiya akauona. Uzi mweupe, mwembamba kuliko ukucha wa kichanga, umelala palepale aliposema Nura.

"Ule pale! Baba, ule pale!"

Uji ukamwagika. Hakuna aliyejali. Nura alipiga magoti juu ya udongo wa paa, mdomo wazi, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni.

"Kumbe ndivyo ulivyo," alinong'ona. "Miaka yote nakuandika, kumbe ndivyo ulivyo!"

Paani kwa jirani wakaanza takbira, paa la pili likapokea, la tatu, mpaka mji mzima ukawa sauti moja. Rakiya vinyweleo vilimsimama.

Mzee aliinua mikono, akaomba dua ndefu. Alipomaliza akamtazama Nura.

"Vidole vitatu, ulisema?"

"Vitatu, Baba."

"Aliyeuweka hakukosea. Na wewe hukukosea kumngoja." Akajifuta macho kwa ncha ya kilemba, kisha akamgeukia bintiye. "Na wewe, umeninyamazia tangu mavuno. Leo sema. Unataka nini?"

Safari hii Rakiya hakuangalia chini.

"Namtaka Nura, Baba. Nilimtaka hata siku ile uliyomfukuza."