Kapul wa Bomai

Asubuhi Bomai alichoma kiazi chake majivuni, akakila njiani, akaingia darasani kifua mbele. Juzi alimwangusha kutoka mtini kapul wake wa kwanza, yule mnyama wa manyoya akaaye mitini, na tangu hapo masikio ya kijiji hayakupumzika kwa majigambo yake.

Mwalimu Wagi akasema, "Bomai, hebu tulinganishie kapul na bakteria."

"Mwalimu, unamtukana kapul! Ana mkia wa kujishikilia tawini, ana mfuko wa kumlelea mwanawe. Huyo bakteria ana nini? Hana mfuko, hana miguu, hata mama hana. Takataka!"

Darasa likaangua kicheko.

"Kapul hulea mtoto mmoja kwa miezi," mwalimu akasema. "Bakteria wa nyama hujigawa wawili kabla kiazi hakijaiva, na hao wawili wanne. Uvuguvugu ndio raha yao."

"Wajigawe tu. Sifuri mara mbili ni sifuri," Bomai akanong'ona.

Kwao mvulana hali windo lake la kwanza, humpa mjomba. Lakini mjomba wake, Kama, alikuwa ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa limesombwa. Nyama ilishapikwa shimoni kwa mawe ya moto, ikafungwa majani ya mgomba, ikawekwa kando ya meko isipoe.

"Itupe hiyo, imelala mno," mama yake akamwambia. "Utamwindia mwingine."

"Mjomba anikute mikono mitupu? Atanicheka!"

Akaitoa nje mama akimwona. Mama alipokwenda shambani, akairudisha palepale kwenye uvuguvugu. Bwana mwindaji huyo!

Maji ya mto yalipopungua, mjomba alivuka, akafika mchana, akala yote, maana kukataa ni tusi. Kulipokucha alikuwa amejikunja kama kiwavi, tumbo limevimba, hata maji hayakai tumboni.

"Mama, ni ile nyama," Bomai akalia. "Sikuitupa. Nilikudanganya."

Wakambeba mjomba kwa machela hadi zahanati. Kwa kuwa ukweli ulishasemwa, mganga alijua mara moja pa kuanzia.

Mjomba alipoweza kuketi, macho yamezama, alimtazama mtoto wa dada yake. "Mpwa wangu, nasikia bakteria unawaita takataka. Basi mtu mzima nimeangushwa na takataka. Wewe uliyeifugia takataka karibu na moto tukuiteje?"

Bomai akamshikia mjomba kikombe cha maji.

"Bado ni mwanangu," mama akasema, "ila asikie. Mgeni haheshimiwi kwa chakula kilichooza, wala mama haheshimiwi kwa uongo. Na adui usiyemwona, ukimdharau, umempa kisu ukamgeuzia mgongo."