Maji Meupe kwa Ajili ya Picha

Mwalimu mstaafu alifia kwenye kiti cha kusafishia damu, mrija bado mkononi. Alikuwa mgonjwa wa tatu wa figo kufa tangu Jumatatu. Mwili haujapoa, wakubwa wa hospitali walishapata mkosaji: muuguzi wa zamu. Ndio mtindo wao tangu enzi na enzi. Lawama hushushwa ngazi moja moja mpaka imfikie asiye na mkubwa wa kumpigia simu.

Inspekta wa polisi, mwanamama wa makamo, alimkuta muuguzi mahabusu, sare mwilini. Akamwuliza amewadunga nini wagonjwa.

"Dawa ileile, afande. Miaka kumi na moja sasa."

"Nini kilibadilika?"

"Maji. Wiki iliyopita yalinuka uvundo wa majani. Jumatatu yakaja meupe pe. Tukashangilia, wajinga sisi."

Daktari wa uchunguzi wa maiti alisema maini ya wote watatu yameharibika vibaya, na hakuona dalili ya dawa yoyote ngeni. Alishuku sumu ya mwani, ule utando wa kijani wa maji yaliyotuama. Mnywaji wa kawaida huharisha na ini lake kuumia polepole, na kuchemsha maji hakuiondoi. Mgonjwa wa figo ana hatari zaidi: kila kikao, lita zaidi ya mia za maji hupita jirani kabisa na damu yake, na vichujio vya wodi vilikuwa vimezidiwa.

Inspekta aliamuru mashine zizimwe, akaenda kwenye mtambo wa maji.

Huko kipimo kilichoaminiwa kilikuwa glasi ya maji. Fundi aliiinua dirishani kwa majivuno.

"Ukiuona uso wangu ng'ambo, mama, mji unakunywa."

Stoo kulikuwa na magunia kumi na mawili ya mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu, yote matupu. Fundi alikiri kwamba waliumwaga bwawani Jumapili kuua mwani, kwa amri ya mkurugenzi wa maji wa mji.

Mkemia wa mtambo, dada asiye na maneno mengi, alitoa nakala ya barua yake ya Ijumaa. Alikuwa ameonya kwamba mwani ukiuawa kwa mkupuo hupasuka na kuachia sumu yote majini. Maji yataonekana safi, kumbe ndiyo yameharibika zaidi. Pembeni mkurugenzi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Acha kutisha watu."

Ofisini kwa mkurugenzi, makatoni ya maji ya chupa yalifika usawa wa dirisha.

"Ya wageni hayo," alisema.

"Dereva wako anasema mengine aliyapeleka kwa mkeo Jumapili. Na yeye ni mgeni?"

Mkurugenzi akalegeza tai.

"Waziri alikuja Jumatatu kuzindua pampu. Picha inapigwa ukingoni mwa bwawa. Ningemsimamisha mbele ya uji wa kijani? Ningepanda cheo kweli?"

"Barua uliisoma?"

"Niliisoma. Nikajua wataharisha siku mbili, yaishe. Wanaharisha kila mwaka, afande. Nani amewahi kuuliza?"

Inspekta alimtia pingu, akapiga simu kituoni muuguzi aachiwe mara moja. Kisha akaagiza mabomba ya mji mzima yafungwe.

Msaidizi wa mkurugenzi alikohoa kwa adabu. Utaratibu, alieleza, unadai saini ya mkurugenzi mwenyewe.

Ikabidi mkono mmoja ufunguliwe pingu. Alitia saini kwa mwandiko mzuri, akauliza kama nakala moja itabaki kwenye faili lake la utumishi.