Mimi Ni Kumi na Mbili

Kila asubuhi Jannat hunywa chai kwa mahamri na mbaazi, kisha hushika vichochoro vya mtaa wa Kuze kwenda shule. Wiki hiyo hata mahamri yalimshinda. Kifaransa kilikuwa kimemkaa kooni.

"Mwanangu, kula," mama yake alimsihi. "Utasoma na tumbo tupu?"

"Sitaki, mama! Nitachelewa."

Jumamosi wanafunzi kutoka kisiwa cha Ngazija, wanakosoma kwa Kifaransa, wangeitembelea shule yao. Mwalimu Dishon alitaka mwanafunzi mmoja awakaribishe kwa Kifaransa, na Jannat alikuwa ameshatangazia mtaa mzima kuwa ni yeye. Akikosa, uso wake angeuweka wapi?

Kilichomtesa ni kutaja umri wake tu. Kila alipoandika "je suis douze", yaani "mimi ni kumi na mbili", daftari lilirudi na wino mwekundu. Mwalimu akiuliza, "Umeelewa, Jannat?" alijibu, "Ndiyo, Mwalimu." Uongo mtupu! Hakuelewa hata chembe, ila aliona haya kuuliza.

Alhamisi baada ya masomo, Mwalimu Dishon aliwabakisha yeye na Ndinda, ambaye pia aliitaka nafasi hiyo. Jannat hakuwa amekula hata mchana, alikuwa akikariri.

"Una umri gani?" Mwalimu alimwuliza kwa Kifaransa.

"Je suis douze ans."

"Hapana. Tena."

"Je... je suis douze."

"Tena!"

Ndinda alibana midomo asicheke. Jannat akapandwa na hasira, akabwaga daftari mezani.

"Nimechoka, Mwalimu! Nina njaa, nina kiu, nina usingizi! Nina miaka kumi na miwili, basi! Hao Wafaransa wanataka nini zaidi?"

Lo! Ndinda aliinamisha kichwa, akajua leo mwenzake amekwisha. Mwalimu Dishon akachukua chaki.

"Rudia. Una nini?"

"Nisamehe, Mwalimu..."

"Rudia tu, nakuomba."

"Nina njaa," Jannat alinong'ona.

Mwalimu akaandika ubaoni: j'ai faim.

"Nina kiu. Nina usingizi."

J'ai soif. J'ai sommeil.

"Na miaka?"

"Ninayo kumi na miwili."

J'ai douze ans.

"J'ai ni 'nina'," alisema Mwalimu. "Mfaransa hasemi yeye ni kumi na mbili. Ana miaka, kama wewe."

Jannat aliukodolea ubao macho. "Kumbe! Siku zote nilikuwa nikitafsiri kutoka Kiingereza!" Kisha akainua mkono. "Basi hiyo je suis ina kazi gani? Wallahi, sijaielewa tangu muhula uanze."

"Hiyo ni 'mimi ni'. Mimi ni mwanafunzi: je suis élève. Ila Kifaransa na Kiswahili havifuatani kila mahali. Ukikwama, uliza."

Jumamosi Jannat ndiye aliyewakaribisha wageni langoni, na msichana mmoja wao akamwuliza umri wake. Jannat alijibu bila kusita, kisha naye akamwuliza mgeni umri wake.

Jumatatu Mwalimu Dishon alisimama mbele ya darasa zima.

"Nilikuwa nikimwuliza Jannat kama ameelewa, ananiambia ndiyo, nami naridhika. Tulikosea sote wawili. Kuuliza si ujinga, wanangu. Ujinga ni kusema ndiyo na moyoni ni hapana. Na Kiswahili chenu msikiache nyumbani mnapokuja kujifunza lugha za watu. Haya, nani ana swali?"

Mikono kumi na minne iliinuka. Wa kwanza ulikuwa wa Jannat.