Sweta ya Mwalimu Andati

Soko la Kakamega lilikuwa limefurika Jumamosi hiyo, na katika kibanda cha nyuzi lilikuwa limesalia bonge moja tu la rangi ya damu ya mzee. Mikono miwili ililishika kwa pamoja. Mmoja ulikuwa wa Navalayo, karani wa afisi ya ardhi, aliyevaa gauni la maua na viatu vilivyomchuna visigino kwa heshima ya wikendi. Wa pili ulikuwa wa mwanamume mrefu, shati lake limepigwa pasi hadi mikunjo ingeweza kukata mkate.

"Dada, nimelishika mimi kwanza."

"Umeshika karatasi. Mimi nimeshika uzi."

"Unafuma nini?"

"Sweta. Na wewe? Unaenda kufunga ndama?"

"Nafuma kofia. Tulifunzwa darasa la tano. Wenzangu wakaendelea na hesabu, mimi nikaendelea na kofia."

Navalayo alicheka kabla hajajiruhusu. Mwanamume huyo alijitambulisha kuwa Mwalimu Andati wa shule ya bweni ya wavulana, kisha akatoa hukumu kwa sauti ya gwaride: uzi achukue dada, lakini sweta ikikamilika, aonyeshwe.

"Utaonyeshwa," Navalayo akaahidi bila haya.

Hapa haki inatudai ukweli wote. Kwa miaka ishirini na minane aliyoishi duniani, Navalayo hakuwa amemaliza kufuma kitu chochote. Chumba cha nyuma cha nyumba aliyopanga na dadake Winrose, mtaani Amalemba, yeye alikiita studio. Winrose alikiita mochari.

Andati alianza kupiga simu.

"Sweta imefika wapi, malaika?"

"Kiunoni."

Wiki mbili baadaye, walipokuwa tayari wanakula kuku pamoja na kubishana nani amegusa paja, na sweta imeshakuwa zawadi ya Andati: "Imefika wapi?"

"Kwapani, mpenzi. Usinisukume."

Mwezi wa pili ilikuwa shingoni. Kwa hakika sweta hiyo ilikuwa na urefu wa vidole vinne, na ilikuwa imelala chini ya kitanda.

"Basi Jumapili nitaivaa nikienda kwa mama, huko Navakholo," Andati akasema. "Nataka aone kazi ya mikono yako kabla hajakuona wewe. Ukishapita kwa mama, mengine ni yangu na wazee."

Ijumaa jioni, mochari ilifunguliwa rasmi. Magunia yakamwagwa sakafuni. Kulikuwa na kikapu kisicho na mikono, vitambaa vinne vya makochi ambavyo seti yake ni sita, na soksi moja iliyokosa mwenzake tangu kuzaliwa. Kulikuwa pia na vipande vya sweta ambazo Navalayo alikuwa amezisahau kabisa.

"Mkono huu ni wa nani?" Winrose aliuliza, akiunyanyua kwa vidole viwili.

"Wangila."

"Na huu?"

"Yule daktari wa mifugo."

"Wewe unaanzanga mtu na sweta siku moja, halafu unaacha vyote viwili kwapani."

Navalayo aliendelea kupekua. Alikuwa amepata kifua kizima, safi kabisa, isipokuwa maneno aliyotarizi kwa uzi wa njano: KIPNGENO WA MOYO W. Hapo ndipo mapenzi yale yalipokatikia. Akayafunika kwa mfuko mkubwa. Mgongo, mikono na kifua vikaunganishwa, rangi zikiwa zimekaribiana kama binamu. Mfuko aliushikiza kwa mishono minne, akakusudia kuumalizia asubuhi. Asubuhi alienda saluni.

Jioni Andati alikuja kuichukua, akaivaa kwa fahari. Mkono mmoja ulimfika kwenye vidole.

"Ni mtindo," Navalayo akasema.

"Wa wapi?"

"Wa huku."

Jumapili saa nane simu ikaita. Andati hakumwita malaika. Alieleza kwamba alikuwa ameinama kumpitishia mama yake mboga, mfuko ukaanguka juu ya obusuma, ugali wa mama. Mama, mwalimu mstaafu, alivaa miwani, akasoma kwa sauti kama imla, kisha akamuuliza mwanawe alibatizwa upya lini.

"Andati, hiyo ni zamani sana. Ona, hata sentensi sikumaliza."

"Si Kipngeno anayeniuma. Uliniambia kiunoni, kwapani, shingoni. Ulinidanganya kwa vipimo." Akakata.

Kesho yake sweta ikarudishwa na mtu wa pikipiki, kisha siku kumi na saba zikapita bila simu. Navalayo alifumua kila kipande mocharini, cha Wangila, cha daktari na cha Kipngeno. Kisha akalitoa lile bonge la sokoni, akafuma kila jioni hadi Winrose akaanza kumletea chai kama mgonjwa. Mwili ukaisha. Mkono wa kwanza ukaisha. Kwenye wa pili, sindano zikakataa. Akampigia.

"Sweta imebaki mkono mmoja," akasema. "Huu si uongo. Nimekwama."

"Umekwamia nini?"

"Naogopanga kumaliza. Kitu kikiwa nusu, bado kinaweza kuwa kizuri. Kikiisha, mtu anakiangalia na kusema ni kibaya."

Andati akakata simu. Kisha pikipiki ikasikika mlangoni baada ya dakika ishirini, na Andati akaingia na sindano zake mwenyewe. Alikagua studio tupu, akaigeuza sweta nje ndani kutafuta majina, hakupata. Akaketi, akaanza mkono wa pili.

"Na mimi utaniacha nusu?" akauliza bila kuinua macho.

"Wewe nataka kukumaliza."

"Hiyo ni ahadi ama tisho?"

"Inategemea utakavyokaa."

Andati alijaribu kununa, mdomo ukamsaliti. "Wazee wangu wakija kwenu Khwisero Desemba, watakuta bado unanitaka?"

"Waje Jumamosi hii."

"Jumamosi hii? Mama hajanunua hata kitenge."

"Mwambie aharakishe. Mkinipa hadi Desemba, nitaanza kitu kingine."

Andati aliweka sindano chini, akatoa simu, akampigia mama yake.