Muratina Niliyoizibia Chupani

Niko na miaka hamsini na mbili, na niliamini hakuna kitu duniani kinaweza kunishangaza tena. Nilifika Kitengela bila viatu, nikaponda kokoto na nyundo ya kuazima… leo niko na timbo langu la mawe! Darasa la nne tu, lakini nani alinishinda?

Mwaka huu wa 2003 kijana wangu Karanja alipata mchumba, binti wa Wakikuyu wenzetu wa Kajiado mjini. Kwetu, ukienda kuomba msichana unabeba pombe ya muratina. Bila hiyo wazee hawafungui mdomo.

Wengine hubeba kwa mtungi. Mimi nikasema mtungi ni wa maskini. Yangu itakuwa kwa chupa, na kifuniko, itoe povu kama ya kiwanda!

Msimamizi wangu wa timbo, aliyewahi kupikia mzungu aliyejitengenezea bia, alinionya: "Mzee, ngoja iache kuchemka kwa uchachu. Halafu sukari kidogo sana, na uweke mahali baridi."

Mke wangu akaongeza, "Baba Karanja, hiyo kitu inapumua. Usiizibe."

Niliwacheka! Ilikuwa Januari, jua la Noonkopir, hapa kwetu Kitengela, linachoma hata mbuzi. Zimebaki siku nne twende ukweni, pombe bado inachemka… nikajaza chupa themanini, kila moja vijiko viwili vya sukari, nikafungia kwa stoo ya mabati.

Tulifika Kajiado saa saba mchana, kreti zimechomwa na jua nyuma ya pikapu. Wazee wakaketi. Nikasimama kujisifu… na chupa ya kwanza ikalipuka! Ya pili! Ya kumi! Akina mama wakaingia chini ya meza. Kigae kikampasua baba ya msichana kwenye paji la uso.

Shangazi mmoja akauliza, "Huyu amekuja kuomba bibi ama kupasua mawe?"

Hakuna aliyecheka. Damu imemwagika ukweni! Wazee wakakataa kuongea mpaka nirudi na kondoo wa kutakasa boma, na muratina nyingine.

Karanja alilia kama mtoto. Mchumba wake alikuwa ameingia ndani, hataki kumwona. Karanja akaniambia mbele ya watu wote, "Baba, tukirudi, wacha mjomba wangu aongee. Wewe nyamaza."

Mimi! Niliyemlisha na jasho la mawe!

Tulirudi baada ya miezi miwili. Mjomba aliongea, msichana akakubaliwa, mimi nikaketi nyuma na midomo imefungwa.

Ndugu msomaji, nakusihi, pombe ikichemka, iache imalize. Na mke wako akikuonya, sikia… pesa si masikio! Kumshona mkwe, kondoo, muratina ya pili na mafuta ya gari: shilingi elfu ishirini na saba, mia nne na themanini.