Spika za Omu Nne

Basi la Mikumi lilikuwa limeshaanza kutambaa kutoka stendi ya Kilosa, konda anapiga bodi, goti la Joha lilipobanwa na boksi. Mwenye boksi alikuwa kijana wa Kimasai, mrefu, shuka jekundu juu ya jinzi iliyonyooshwa pasi, anahema kwa kulikimbilia gari.

"Samahani dada. Ni spika, ziko mbili, nyingine imemwangukia yule mama."

Joha hakutazama uso kwanza, alisoma boksi. Ni fundi redio, kibanda chake kiko Mikumi, na jicho la fundi halina adabu. Akauliza spika zinakwenda kufungwa kwenye nini. Sapit, ndilo jina la kijana, akasema kwenye redio kubwa ya baba yake huko Tindiga, iliyoingia bomani kabla yeye hajazaliwa.

"Hizi ukinzani wake ni omu nne," Joha akasema. "Mashine ya zamani imezoea nane. Ukifungulia sauti itaungua."

"Nizirudishe Morogoro?"

"Zifuatanishe. Waya utoke kwenye mashine, upite spika ya kwanza, uingie ya pili, ndipo urudi. Pamoja zinakuwa nane."

"Nikikosea?"

"Utanipigia."

"Na nisipokosea?"

Joha akacheka, akampa namba.

Hakukosea, na alipiga. Akapiga tena toka malishoni, akimwita fundi wangu, kisha mpenzi, naye Joha akimtania kwamba ng'ombe wanasikia. Masika ilipokatika Sapit akamwomba aje kuwasalimu wazazi, maana baba yake, mzee Tipis, akikataa, hakuna posa. Mama yake Joha alishasema mfugaji na mkulima hugombana hata kwa bua la mahindi. Joha akavaa dera la kijani, akaenda.

Alitoa shikamoo, kisha akainamisha kichwa kama alivyofundishwa, na mzee akamgusa utosini. Wazee wengine walikaa wakisikiliza taarifa ya habari, redio imefunguliwa hadi mwisho. Joha akanusa vumbi linaloungua. Akachungulia nyuma: kila spika ina waya wake. Kumbe mzee alikuwa amelalamika sauti ni nyembamba, akaamuru zitenganishwe, na Sapit akatii, kwani kwao mtoto hamrekebishi baba. Joha akamtazama Sapit. Sapit akatazama viatu vyake.

Joha akainuka, akazima.

Kumzimia mzee redio mbele ya wenzake ni kumziba mdomo.

"Joha, washa," Sapit akasema taratibu.

"Unajua kwa nini nimezima. Waambie."

"Washa kwanza."

Akachukua mkoba. Nyuma yake redio iliwashwa, na kabla hajafika barabarani ikakatika katikati ya neno. Hakugeuka.

Simu iliita hadi ikaisha chaji. Watu wa Tindiga walimfikishia maneno kwamba mzee anasema yule Mswahili ameitia mkono mashine yake ikaungua, na Sapit hajakanusha. Hilo ndilo lilimchoma. Baba mkwe mkali Joha angemvumilia. Mume anayeona moto akatazama viatu, hapana.

Siku ya gulio Sapit akatokea kibandani, redio begani, wateja wamejaa. Joha akamwambia aweke chini aondoke. Sapit akaweka chini, lakini hakuondoka. Akapiga simu, akaweka sauti ya nje, akaongea Kiswahili ili kila mtu asikie.

"Baba, redio niliiunguza mimi. Joha alinionya tangu mwanzo. Alipozima alikuwa anaiokoa. Niliogopa, nikamwachia aibu yeye."

"Yuko hapo?" mzee akauliza.

"Yupo."

"Muulize kama itapona."

Joha akaichukua simu. "Shikamoo baba. Itapona, lakini haitapiga kelele tena."

"Marahaba," mzee akasema, akakata.

Sapit akauliza kama alete wazee kwao.

"Walete," Joha akasema. "Ila siku utakayotazama viatu tena, nitakuacha navyo."

Walifunga ndoa Kilosa kwa mkuu wa wilaya, kwa sababu dini zao ni mbili tofauti. Mama yake Joha alihudhuria, na bado anahesabu ng'ombe wanaopita karibu na shamba lake. Redio ilipona upande mmoja. Spika mpya walimuuzia mwenye baa Ruhembe. Mzee Tipis hakuomba radhi. Alifariki kiangazi cha mwaka uliofuata. Sapit anauza betri za sola kibandani, mifugo anaiangalia mdogo wake. Wana binti, anaitwa Nalepo.